Baba Amefariki, Gobore Limebaki

Tulimkuta mama huyu wa Kaengesa uani kwake, akipeta maharage. Tulimpa pole, akatuwekea kigoda. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa kampuni binafsi, na siku za mapumziko alilinda shamba la mahindi, maana nguruwe pori hawana huruma na jasho la mtu. Kwa kazi hiyo alikuwa na gobore, tena lenye leseni.

Matanga hayajaanuliwa, mdogo wa marehemu akasema, "Shemeji, silaha ni mali ya ukoo. Naondoka nayo."

Mama akakataa. Alituambia kwamba aliona haya kubishana na shemeji mbele za watu, lakini aliogopa zaidi kulala nyumba moja na bunduki isiyo na mwenyewe, watoto wakijua ilipo.

Akina mama wenzetu, alifanya vema kuliko alivyojua. Leseni ya silaha ni ya mtu aliyepewa. Si ya nyumba wala ya ukoo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, gobore nalo ni silaha. Anayebaki nalo bila leseni, awe mjane au shemeji, anaingia hatiani, na kosa hilo hushitakiwa kama la uhujumu uchumi, ambalo hata dhamana yake ni ngumu. Kama shemeji analitaka kweli, aombe leseni kwa jina lake. Kabla hajaipata, silaha ikae polisi.

Mama huyu hakuligusa. Alimwita mtendaji wa kijiji, naye akawaita polisi, wakalichukua pamoja na baruti na kitabu cha leseni. Aliomba hati ya mapokezi. Tunasisitiza hati hiyo, kwa sababu mwaka mmoja baadaye mtu anaweza kuuliza, "Bunduki ya marehemu iko wapi?" Mwaka 2022, na tena 2023, Serikali ilitoa msamaha wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, kwa waliosalimisha silaha haramu kwa hiari. Mjane asikae akingoja msamaha.

Mvutano wa pili ulikuwa wa mafao, na hapo ndipo wajane wengi huumia. Kikao cha ukoo kilitaka shemeji yuleyule awe msimamizi wa mirathi, "apokee fedha za kaka." Wengi hukubali kwa kudhani msimamizi ndiye mrithi. Sivyo. Msimamizi ni mtumishi: akiteuliwa na mahakama ya mwanzo, anapaswa ndani ya miezi minne kuleta orodha ya mali na hesabu ya alivyogawa. Na mjane mwenyewe anaweza kuwa msimamizi. Ukoo hupendekeza, lakini mahakama ndiyo inayoteua.

Ni kweli kwamba tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 humnyima mjane sehemu yake na kumwachia watoto wamtunze. Wajane wawili Watanzania walipeleka malalamiko yao hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, nayo mwaka 2015 ikaona haki zao zimevunjwa. Lakini pensheni ya urithi ya NSSF haifuati mila. Hulipwa wategemezi: mjane asilimia 40, watoto asilimia 60. Shemeji hayumo.

Kinachokwamisha ni karatasi. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Cheti hutolewa na RITA, na kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Cheti cha ndoa kinahitajika, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote. Nasi wanawake tunajua idadi ya debe za mahindi ghalani, lakini namba ya uanachama ya mume hatuijui! Mama huyu aliikuta ndani ya Biblia ya marehemu, imeandikwa kwa penseli.

Kikao kilirudiwa, safari hii paroko akiwa ameketi nao, na jina la mama likaandikwa kwenye muhtasari. Shemeji alitia sahihi mwisho, akiwa amenuna. Mahakama ilikwisha kumteua mama tulipofika. Alikuwa akisubiri cheti cha kuzaliwa cha kitinda mimba, ambaye hakuwahi kuandikishwa.