Siku ya Mungu kando ya ziwa

Ndugu mfanyakazi, siku ya Mungu unapeleka bibi na watoto kupumzika kando ya ziwa la Nzilo, kaskazini ya Kolwezi, pale ukuta ulipofunga mto Lualaba. Ni vizuri. Lakini chunga! Mtumbwi usijae watu kupita kipimo. Ukiisha kunywa pombe, usiogelee. Usiache watoto peke yao: mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele.

Penye maji yaliyotulia na majani kuna konokono wadogo. Humo hutoka mdudu wa bilharzia, asiyeonekana kwa macho, naye hupenya ngozi. Mtoto akikojoa damu, usingoje: mpeleke hospitali. Dawa iko.

Kazini unavaa kofia ngumu. Ziwani pia uwe macho, ili wote mliotoka nyumbani mrudi.