Banda na Ua wa Mbuzi wa Maziwa

Mbuzi wa maziwa hununuliwa kwa fedha nyingi, kisha hulazwa matopeni. Haifai, penye unyevu huoza kwato, na kiwele huingia uchafu. Wenyeji wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, walioletewa mbuzi wa Kinorwe katika miaka ya 1980, hujenga mabanda yaliyoinuliwa juu ya nguzo.

Sakafu na iwe ya fito zilizonyooka, futi mbili au tatu juu ya ardhi, upate kuzoa samadi chini yake. Nafasi kati ya fito isipungue nusu inchi wala isizidi robo tatu. Ikiwa nyembamba, mavi hukwama. Ikiwa pana, mguu hupenya. Mimi nalipima kwa macho tu, na asubuhi moja nikamkuta mwanambuzi amevunjika mguu. Sasa napima kwa kijiti.

Ua uwe futi nne kwenda juu. Seng'enge ya miiba usiitumie, huchana kiwele. Waya wa kawaida upigilie upande wa ndani wa nguzo, kwa maana mbuzi hupenda kuuegemea na kujikuna. Ukiwa nje, misumari hung'oka.

Hori litundikwe nje ya ukuta, mbuzi apenyeze kichwa tu. Majani aliyoyakanyaga hayali tena.