Kozi za mwaka wa kwanza: chora njia kabla hujajisajili

Reli ya kati ikitoka Dar es Salaam inafika Tabora, halafu inagawanyika. Tawi moja linapanda kaskazini hadi Mwanza. Jingine linaendelea magharibi hadi Kigoma, na huko njiani, pale Kaliua, linatoa tawi la Mpanda. Sasa fikiria umepanda treni ya Mwanza wakati safari yako ni ya Kigoma. Kosa lako hutaliona palepale. Viti ni vilevile, wauza karanga ni walewale, na miti unayoiona dirishani ni ileile ya miombo. Utashtuka baadaye, ukiwa mbali.

Kabla ya reli mambo yalikuwa hivyo hivyo. Misafara kutoka Bagamoyo ilifika Tabora, enzi hizo Kazeh ya Unyanyembe, na hapo njia ziligawanyika: Ujiji upande wa magharibi, Karagwe na Buganda upande wa kaskazini. Burton na Speke walifika Kazeh Novemba 1857 baada ya kutembea tangu Juni. Walikaa zaidi ya mwezi kabla ya kuelekea Ujiji. Mwaka uliofuata walirudi palepale, Speke akashika njia ya kaskazini na kuliona ziwa ambalo Wazungu waliliita Victoria. Kituo kilikuwa kimoja, ziwa lingine kabisa. Ndiyo maana misafara haikupita Tabora mbio mbio. Mizigo ilifungwa upya, wapagazi wengine walitafutwa, na njia iliulizwa kwa watu walioijua.

Mwaka wa kwanza chuoni ni Tabora yako. Kwa nje kozi zote zinafanana: kuna lekcha, kuna majaribio, kuna mtihani wa mwisho. Lakini zipo ambazo ukiziacha au ukizifeli zinakufungia njia ya mbele, na zipo ambazo hazikufungii kitu. Makala hii inaeleza jinsi ya kuzitofautisha kabla hujabofya kitufe cha kujisajili.

Programu siyo kozi

Mtaani tukiulizana "unasoma kozi gani?" jibu huwa "Uchumi" au "Ualimu". Chuoni hiyo inaitwa programu. Kozi ni somo moja la semista lenye namba yake, mwalimu wake na mtihani wake. Programu moja ina makumi ya kozi. Tofauti hii si ya maneno tu, kwa sababu unachagua mara mbili, kwa nyakati mbili, na kanuni si zilezile.

Mara ya kwanza ni wakati wa kuomba chuo. Unaanza na mwongozo wa udahili wa TCU, unaoonyesha kila programu na vigezo vyake. Kwa wengi wanaotoka kidato cha sita, kiwango cha chini cha shahada ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini hicho ni kizingiti cha mlango tu. Programu nyingi zinataka masomo maalumu, na ushindani unaweza kupandisha pointi juu ya hapo. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unathibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa. Na si lazima uondoke Tabora: AMUCTA, chuo kishiriki cha SAUT, kipo mjini hapo hapo, na Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi yake.

Mara ya pili ni baada ya kuripoti, kwenye mfumo wa chuo. Hapa hakuna TCU wa kukukagua. Uko wewe, orodha ya kozi, na wiki chache tu za mwanzo ambazo bado unaruhusiwa kuongeza au kuacha kozi.

Mishale kati ya kozi

Kwenye orodha utakuta kozi za lazima na za hiari. Wengi huishia hapo: za lazima wanazikubali, za hiari wanachagua ile inayosemwa "inatoa A". Lakini lipo swali muhimu zaidi: kozi hii inafungua kozi zipi?

Kozi nyingi zina sharti tangulizi, yaani huruhusiwi kuisoma hii mpaka umefaulu ile. Chukua karatasi. Kila kozi iwe kisanduku. Kozi ikiwa sharti la nyingine, chora mshale kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Mchoro wa namna hii wanahisabati wanauita grafu, na ndio unaotumika kupanga ujenzi wa ghorofa: huwezi kuezeka kabla ya kuta.

Tuseme unalenga mradi wa takwimu mwaka wa tatu. Huu ni mfano tu, kila chuo kina mpangilio wake:

Kalkulasi (mwaka 1, semista 1) → Uwezekano (mwaka 1, semista 2) → Makisio ya Kitakwimu (mwaka 2, semista 1) → Rigresheni (mwaka 2, semista 2) → Mradi (mwaka 3).

Sasa feli Kalkulasi. Unafanya sapu, nayo inagoma. Kozi hii inafundishwa semista ya kwanza tu, kwa hiyo unaikeri mpaka mwaka wa pili. Uwezekano unasogea semista ya pili ya mwaka huo. Makisio yanaangukia mwaka wa tatu, semista ya kwanza. Rigresheni inakuja semista ya mwisho kabisa, wakati wenzako wanakabidhi mradi. Mradi wako ni mwaka wa nne. Kozi moja ya semista ya kwanza imekula mwaka mzima.

Ungefeli kozi ya hiari isiyotoa mshale wowote, ungeirudia au ungechukua nyingine, na safari ingeendelea. Zote mbili zinaandikwa "nimefeli kozi moja", lakini gharama haifanani hata kidogo. Muda wako chuoni haupimwi kwa wingi wa kozi pekee. Unapimwa kwa mnyororo mrefu kuliko yote kwenye mchoro. Kwa hiyo kozi yenye mishale mingi inayotoka ndiyo ya kulindwa: isome mapema, usikose mazoezi, usiiahirishe hata kama inatisha.

Kwa wanaoingia ualimu, mishale hii mara nyingi inaanzia kwenye masomo mawili ya kufundishia. Ukianza na Historia na Kiswahili halafu mwaka wa pili ukatamani Jiografia, kozi za Jiografia za mwaka wa kwanza zinakuwa deni. Amua sasa, chora kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Uzito wa mzigo

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, zaidi kidogo ya kilo 30. Uzito ulijulikana kabla ya kuondoka, maana mtu akizidishiwa, msafara mzima unamsubiri. Chuoni kipimo ni krediti. Kwa Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha lekcha, semina, kazi za nyumbani na kujisomea. Shahada ya miaka mitatu ina angalau krediti 360, sawa na 120 kwa mwaka au 60 kwa semista.

Piga hesabu. Krediti 60 ni saa 600. Semista ikiwa na wiki 15 za masomo, hizo ni saa 40 kwa wiki. Ni ajira kamili. Ratiba inaweza kukuonyesha saa 18 za darasani ukadhani una nafasi tele. Zile 22 zilizobaki hazikuandikwa popote, lakini zipo. Ukiongeza kozi mbili za krediti 8 "kwa sababu ni nyepesi", umeongeza saa 160, karibu 11 kila wiki. Jiulize zitatoka wapi.

Krediti pia ndizo zinazopima GPA. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Pointi zinazidishwa kwa krediti, zinajumlishwa, kisha zinagawanywa kwa jumla ya krediti. Tuseme una kozi mbili, moja ya krediti 12 na moja ya krediti 8. Ukipata C kwenye nzito na A kwenye nyepesi: 24 na 40 ni 64, gawanya kwa 20, unapata 3.2. Geuza, A kwenye nzito na C kwenye nyepesi: 60 na 16 ni 76, gawanya kwa 20, ni 3.8. Alama ni zilezile, A moja na C moja, lakini ya kwanza ni kiwango cha daraja la pili la chini na ya pili ni la pili la juu. Anayekwambia "mwaka wa kwanza hauhesabiwi" mwombe akuonyeshe kanuni za mitihani. Kwa kawaida unahesabiwa.

Na tusisahau bumu. Mkopo wa HESLB unaendelea kwa anayefaulu kwenda mwaka unaofuata. Kwa nyumba nyingi, kusimama kwa mkopo ni kusimama kwa masomo.

Mshauri ni kirangozi, siyo mpagazi

Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Alijua maji yako wapi na njia ipi imefungwa na vita. Lakini hakumchagulia mwenye msafara mahali pa kwenda.

Vyuo vingi vinampangia mwanafunzi mshauri wa kitaaluma, mara nyingi mhadhiri wa idara. Wanafunzi wengi hawajawahi kumwona mpaka siku ya barua ya kudisko. Wanaokwenda mapema nao huuliza, "Mwalimu, unanishauri nichukue nini?" Swali hilo halina jibu zuri, kwa sababu hajui unataka kufika wapi. Nenda na ule mchoro wako. Uliza hivi: Kozi hii inafundishwa kila semista au mara moja kwa mwaka? Kuna mshale nimeusahau? Nimetoka PCB na hisabati yangu ni ya BAM tu, nianze wapi kujiandaa? Kwa maswali hayo, dakika kumi zinatosha, na atakukumbuka utakapohitaji barua ya utambulisho.

Wanafunzi wa mwaka wa tatu nao ni hazina, ila wapime. Wanajua mwalimu yupi anachelewesha koziwaki. Hawajui kanuni zimebadilika nini tangu waingie.

Siku ya kujisajili

Lipa ada kwa namba ya malipo uliyopewa na utunze risiti. Ingia kwenye mfumo mapema, kabla ya siku ya mwisho ambayo mtandao hulemewa. Weka kozi, hesabu krediti, hifadhi. Kisha toka, ingia tena, hakikisha zote zipo, na uchapishe.

Hili la mwisho nalisema kwa uchungu. Semista yangu ya kwanza nilihudhuria kozi moja ya hiari wiki zote na nikafanya majaribio yote mawili. Sikuwa nimeihifadhi kwenye mfumo. Siku ya mtihani jina langu halikuwemo kwenye orodha, na msimamizi alinionea huruma lakini hakuwa na la kufanya. Krediti 8 zikapotea. Bahati yangu ilikuwa moja tu: kozi ile haikuwa na mshale. Niliichukua mwaka uliofuata, nikabeba mzigo mzito kidogo, na nikamaliza kwa wakati. Rafiki yangu aliyesahau kozi yenye mishale mitatu alimaliza mwaka mmoja baada yangu.

Kwa hiyo, kama bado uko nyumbani unasubiri kuripoti, huhitaji intaneti kuanza. Ukipata orodha ya kozi za programu yako, chukua daftari, andika kozi ya mwisho unayoitaka juu ya ukurasa, na urudi nyuma mshale kwa mshale mpaka ufike semista ya kwanza. Kozi utakazozikuta pale chini ndizo za kuanza nazo.