Saa za jioni za kijana wa Mpanda: uwanjani au kwenye gemu? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliangalia usingizi wa vijana na simu. Leo tunagusa jambo linalozua ugomvi katika nyumba nyingi hapa Mpanda ifikapo jioni: kijana yuko wapi, uwanjani au kwenye gemu?

Tuanze na jua. Mkoa wa Katavi uko magharibi kabisa mwa nchi, lakini saa tunazofuata ni zile zile za Dar es Salaam. Ndiyo maana hapa jua huzama karibu saa 1:00 usiku, kama nusu saa baada ya kuzama Dar. Mwanafunzi anayetoka darasani saa 10:00 alasiri bado ana mwanga wa saa tatu hivi. Ni mali kubwa hiyo, na wanaoigombania ni wengi.

Wa kwanza ni kazi. Kuna mpunga wa Mwamkulu, ng'ombe wa kurudisha zizini, maji na kuni. Wazazi wengi hawaihesabu kazi hii kuwa mazoezi, lakini ni mazoezi. Mwongozo wa mwaka 2020 wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazoupeleka moyo mbio. Haujali kama jasho limetoka uwanjani au njiani na ndoo kichwani. Kijana wa Mwese anayekwenda shule kwa miguu na kurudi, kisha akashika jembe, huenda amezitimiza dakika hizo bila kugusa mpira.

Mjini mambo ni tofauti. Kwa anayeishi Makanyagio au Majengo, shule iko jirani, bodaboda ipo, na kibanda cha gemu kiko mtaa wa pili. Kwa miaka mingi mji huu uliishi kwa majenereta ya dizeli. Umeme ukikatika, kibanda kilinyamaza na watoto wakamwagika nje kucheza chandimu. Njia ya msongo wa kilovolti 132 iliyojengwa kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ni neema kwa hospitali, viwanda na shule. Ila mapumziko yale ya lazima yanaondoka nayo.

Ingia ndani ya kibanda uone. Chumba cha mabati, televisheni mbili, padi zilizofutika alama, na PlayStation 2, mashine iliyoanza kuuzwa mwaka 2000, kabla wachezaji wenyewe hawajazaliwa. Wawili wanacheza, wanane wako kwenye benchi wakishangilia na kubishana. Anayefungwa anapisha. Hapa ndipo jioni inapoliwa: mechi yenyewe ni dakika chache, kuisubiri zamu ni saa nzima. Kijana akisema amecheza mechi mbili tu, hasemi uongo, na giza limeshaingia.

Mimi siiti gemu sumu. WHO inautambua ugonjwa wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 1, 2022, lakini kwa masharti mazito: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia kila kitu, anaendelea ingawa madhara anayaona, na hali hiyo imedumu kwa kawaida miezi 12. Kijana aliyechelewa kurudi jioni moja hajafika huko, na fimbo haimsaidii. China mwaka 2021 iliwabana walio chini ya miaka 18 wacheze gemu za mtandaoni saa moja tu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Amri kama hiyo inaweza kuzima mashine. Haiwezi kumpa mtoto mahali pa kukimbilia.

Kinachoniumiza zaidi ni wasichana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia takwimu za nchi 146, ulionyesha kuwa mwaka 2016 asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango cha mazoezi kinachotakiwa. Kwa wavulana ni asilimia 78. Mitaani kwetu, binti hucheza rede na kuruka kamba mpaka anapovunja ungo. Baada ya hapo anaambiwa amekua, na rede inaisha. Kaka yake ana pa kuchagua. Yeye kibandani hakumfai, uwanjani hana zamu. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, huwachukua wachache wanaojua netiboli. Waliobaki kwenye mchujo hakuna anayewauliza.

Ninachokiomba kinawezekana mwezi huu. Shule ziache viwanja vyake wazi mpaka saa 12:30 jioni, mwalimu mmoja awepo, na siku mbili za wiki goli la netiboli liwe la wasichana, hata wasio na kipaji. Halmashauri inapopima viwanja vya makazi, iache eneo la kuchezea na kuliwekea mipaka kabla halijauzwa. Na nyumbani, ndoo za maji za jioni kaka abebe nusu, ili dada yake naye awahi uwanjani kabla jua halijazama.

Itaendelea wiki ijayo.