MJI WA NORTHAMPTON NA ASKARI WAKE ASIYE NA KABURI

Askari akiuawa vitani na maiti yake isionekane, watu wa kwao watakwenda kumkumbuka mahali gani? Jambo hili liliwahusu watu wa Northampton, mji ulio katikati ya Uingereza, kwa habari ya Luteni wa Pili Walter Tull, na jinsi walivyolitengeneza yafaa kuelezwa.

Bwana Tull alizaliwa Folkestone mwaka 1888. Baba yake alikuwa seremala, mtu mweusi kutoka kisiwa cha Barbados. Mama yake alikuwa Mwingereza. Wote wawili walikufa kabla mtoto hajatimiza miaka kumi, akalelewa katika nyumba ya mayatima mjini London. Sifa yake ilitokana na mpira. Mwaka 1909 aliingia timu ya Tottenham Hotspur, na mwaka huo huo watazamaji wa Bristol walimtukana vibaya kwa ajili ya rangi yake. Mwaka 1911 alihamia Northampton Town, akaichezea zaidi ya mara 100.

Vita vilipoanza alijiandikisha, Desemba 1914, katika kikosi cha wachezaji wa mpira. Sheria za jeshi za siku zile hazikumruhusu mtu asiye wa asili ya Kizungu kuwa afisa wa kuamuru. Hata hivyo Mei 1917 alipewa uafisa, akawaongoza askari Wazungu huko Italia, na jemadari wake akamsifu kwa ushujaa na utulivu. Tarehe 25 Machi 1918, karibu na Favreuil nchini Ufaransa, alipigwa risasi akafa. Askari wake walijaribu kumwondoa huku risasi zikinyesha, wakashindwa.

Jina lake lilichongwa ukutani huko Arras, pamoja na majina ya wengine karibu 35,000 wasio na makaburi yajulikanayo. Hata hilo ni jambo kubwa. Wapagazi wengi wa Afrika ya Mashariki waliokufa katika vita hivyo hivyo hawakuchongewa majina popote. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam hukumbusha jina la kikosi chao tu. Na sanamu za askari na mpagazi zilizosimama Nairobi zina maandishi yanenayo juu ya jina litakalokumbukwa, lakini jina la mtu mmoja halimo.

Lakini Arras ni mbali na Northampton, na jina moja kati ya maelfu hupotea machoni upesi. Ndiyo sababu mnamo Julai 1999, miaka 81 baada ya kifo chake, ukumbusho wake ulifunuliwa nyumbani, kando ya uwanja wa Sixfields, nao una habari za maisha yake. Barabara ya hapo huitwa Walter Tull Way. Waendao kutazama mpira hupita karibu nao, na watoto wajuao kusoma hulisoma jina hilo.