Kipakatalishi Kinapokataa Kuwaka Baada ya Kubadilishiwa Diski

Kwa wanafunzi wengi wa Bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi, na wenzao waliopanga vyumba Uthiru, Kangemi na Kawangware, kipakatalishi cha mtumba ndicho kilicho mapajani. (Ndiyo maana halisi ya kitenzi pakata kilichozaa jina hilo.) Kikianza kujikokota, mwenyewe hupanda matatu ya Barabara ya Waiyaki hadi jijini, akanunua diski mpya katika maduka ya Luthuli au Moi Avenue, akafungiwa, akarudi. Usiku anapokiwasha, huona maandishi meupe tu yakimwarifu kwamba hakuna diski ya kuwashia. Tasnifu yake nayo i wapi?

Aghalabu imo katika diski kuukuu. Kwa hivyo, mpaka ile mpya iwake, ya zamani isifutwe, isiuzwe, wala isiachiwe fundi kama sehemu ya malipo. Aidha, kuirejesha mahali pake ndilo jaribio la kwanza: kipakatalishi kikiwaka, ubao mama na kumbukumbu ni vizima, na shaka hubaki kwa diski mpya au kwa nakala iliyotiwa ndani yake.

Hapo ndipo hufunguliwa ukurasa wa mipangilio ya msingi, kwa kubonyeza F2, F10 au Delete kutegemea kampuni iliyokiunda, ili kuona kama jina la diski mpya limeorodheshwa. Lisipokuwapo, huenda diski haikukaa sawasawa, au si ya aina inayokubaliwa. Diski nyembamba za M.2 hufanana mno kwa umbo, ilhali baadhi hutumia mfumo wa SATA na nyingine NVMe. Tundu lililoundiwa mfumo mmoja huenda lisiutambue wa pili. Muuzaji anayeuliza ukubwa pekee ameuliza nusu ya swali.

Jina likiwapo, diski imeonekana ila kilichomo hakiwashiki. Kunakili mafaili peke yake hakutoshi, kwa kuwa programu ya kuwashia hukaa katika sehemu ndogo iliyofichika, nayo pia sharti inakiliwe. Pengine diski imepangwa kwa utaratibu wa zamani huku kipakatalishi kikingojea ule mpya wa UEFI. Kubadili mpangilio mmoja huweza kumaliza shida bila kupoteza hata herufi. Mafundi wenye haraka hupendelea kuweka Windows upya. Kazi hiyo ni nyepesi kwao, lakini ikifanywa juu ya diski isiyofaa, tasnifu imekwenda.

Ikiwa diski ilifungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft, utafutwe kabla ya safari ya mjini. Kisha diski kuukuu, ikitiwa katika kasha la USB, huweza kusomwa kwa kompyuta ya rafiki, na tasnifu ikanakiliwa hata kabla ya diski mpya kukubali kuwaka.