Je, Wajua? Ufunguo Hukaa Baada ya Alama ya Reli

Je, wajua kwamba kivinjari hakipeleki kwenye seva chochote kinachofuata alama ya reli (#) katika anwani ya tovuti? Kanuni hiyo ndogo inalinda siri nyingi. PrivateBin, programu huria ya kushirikiana maandishi, huyafunga maneno yako kwa fumbo ndani ya simu au kompyuta yako yenyewe, kwa ufunguo wa biti 256, kabla hayajaondoka. Ufunguo huwekwa baada ya #, hivyo mwenye seva hubaki na fumbo asiloweza kulisoma. MEGA, hifadhi ya mtandaoni iliyozinduliwa New Zealand mwaka 2013, hutumia njia hiyo kwenye viungo vyake. Bandiko la wazi kwenye Pastebin, kinyume chake, husomwa na yeyote.

Lakini kiungo kizima ni faili na ufunguo kwa pamoja! Ukikitupa kwenye kundi la WhatsApp, kila aliyemo anaweza kufungua. Kama unatuma nakala ya kitambulisho au mkataba, ongeza nenosiri, kisha mtajie mpokeaji kwa kumpigia simu. Usiliandike kwenye ujumbe ule ule wenye kiungo.